Mlima haufuati mwaka wa fedha

Ukishajulikana Arusha kuwa wewe ni mtu wa matetemeko, swali litakalokufuata mpaka kwenye daladala ni moja: Meru utalipuka lini? Anayekuuliza ana haki yake. Migomba yake imestawi juu ya majivu ya mlima huohuo, na mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa 1910, juzi tu kwa umri wa mlima. Usimcheke, wala usimmwagie istilahi. Mwambie kwamba Bonde la Ufa linatanuka milimita chache kila mwaka, miamba inavutwa mpaka inakatika, na tetemeko linalotokana na hapo mara nyingi halina habari yoyote ya volkano. Mkumbushe la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Nyumba zilianguka, watu walikufa, na hakuna volkano iliyohusika.

Akiuliza sasa cha kuogopa ni kipi, hapo ndipo kazi yenu, ninyi mnaoanza kupima matetemeko, inapoanzia. Kinachotufanya tukose usingizi ni mitetemo midogo midogo inayokuja kwa makundi, siku baada ya siku, mahali palepale, na zaidi pale kina chake kinapopungua kadiri siku zinavyokwenda. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikitafuta njia, inapasua mwamba kidogo kidogo.

Ukipewa rekodi yako ya kwanza, kabla hujafungua programu yoyote, itazame kwa macho. Utaona wimbi la kwanza linafika, jepesi na la haraka, kisha la pili, zito zaidi. Hesabu sekunde zilizopo kati yao, zidisha kwa 8, umepata umbali kwa kilomita, takriban. Sekunde 12 ukiwa Arusha ni kama kilomita 100, unaanza kuufikiria upande wa Gelai na Ziwa Natron. Ila kituo kimoja kimekupa umbali tu. Mahali panataka vituo vitatu au zaidi, na kina kinataka vituo vilivyo karibu kabisa na kitovu. Kina ndicho kinachosaidia kutofautisha magma inayopanda na mwamba uliokatika wenyewe, na huwezi kukipata kwa uhakika ukiwa umekaa mjini. Lazima mtambo ukae kule, juani, kwenye vumbi. Na mtambo uliokaa kule unakula hela kila mwezi, tetemeko liwepo lisiwepo.

Mfano mzuri uko jirani. Tarehe 12 Julai 2007 ardhi ilianza kutikisika karibu na mlima Gelai, na tarehe 17 likaja la 5.9 ambalo Nairobi liliwatoa watu maofisini mbio. Picha za rada za setilaiti zilionyesha kilichotokea: ardhi iliteleza polepole, kisha kabari ya magma ikajipenyeza chini ya Gelai na kuishia humohumo bila kutoka juu. Tarehe 4 Septemba, Ol Doinyo Lengai, ambao tangu 1983 ulikuwa ukitoa lava yake kwa utaratibu, ukalipuka kwa majivu, na wafugaji wa karibu wakahama.

Je, Gelai ndio ulioamsha Lengai? Tarehe zinashawishi, na mabadiliko ya mgandamizo ardhini yanaruhusu. Lakini ukiandika "ulisababisha" bila kuonyesha njia, mhakiki atakurudishia, na atakuwa sahihi. Chile 1960, baada ya tetemeko la 9.5, volkano ya Cordón Caulle ililipuka ndani ya siku mbili. Japani 1707, Fuji ulilipuka siku 49 baada ya tetemeko kubwa. Japani hiyohiyo 2011 lilipiga la 9.0 na Fuji haukulipuka. Tetemeko huwa linasukuma tu mlima ambao tayari umeiva. Kujua kama umeiva unahitaji rekodi za miaka ya nyuma, za kipindi ambacho hakuna kilichokuwa kinatokea.

Sasa turudi 2007. Wakati Gelai unatikisika, vituo vya muda vya watafiti vilikuwa vimetegwa ukanda wa Manyara na Natron kwa shughuli nyingine, wiki chache tu kabla. Bahati. Wangechelewa kibali kwa miezi mitatu, jambo la kawaida sana, tungebaki na rekodi za mbali na picha za setilaiti. Tangu 2016 Lengai una vituo vya GPS vya kupima ardhi inavyosogea, vinavyorusha data moja kwa moja, kazi ya pamoja ya Chuo Kikuu Ardhi na Virginia Tech ya Marekani. Hiyo ni hatua kubwa. Mtindo uliozoeleka, hata hivyo, ni mradi wa miaka mitatu: wa kwanza unaishia kwenye vibali na forodha, wa pili mnapima, wa tatu mnang'oa vifaa na kuandika makala. Lengai ulitoa lava yake miaka 24, tangu 1983, kabla ya mlipuko wa 2007. Fanyeni hesabu wenyewe.

Kwa hiyo mnapoandika andiko la mradi, pigania mstari wa matunzo ya vituo kwenye bajeti kuliko mstari wa vifaa. Wafadhili wanapenda kununua vitu vinavyopigwa picha. Betri ya pili ya gari, N70, ya kubadilishia ile iliyokufa hawaipendi, wala bando la intaneti, wala mafuta ya Land Cruiser ya kwenda kijiji cha Engare Sero, karibu na Lengai, kila robo mwaka, wala posho ya mlinzi. Hivyo ndivyo vinavyoua vituo. Nimefungua masanduku mengi ya vipima mitetemo: kifaa chenyewe kizima, cha bei ya nyumba, na kimesimama kwa sababu waya wa paneli ya sola umetafunwa, au betri imekauka na hakuna aliyelipwa kuja kuiangalia.

Mlinzi achaguliwe na uongozi wa kijiji, si wewe. Fika, amkia wazee, eleza kinachofanyika hadi waelewe kwamba lile shimo halichimbwi madini, maana hilo ndilo la kwanza watakalolifikiria. Lengai uko Wilaya ya Ngorongoro, Gelai uko Longido, kwa hiyo kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hakitoshi. Utahitaji barua za wilaya zote mbili kabla hujakanyaga kijijini. Na mapema kabisa kubaliana na mhasibu jinsi ya kurejesha masurufu. Mzee wa boma aliyekukodisha punda hana mashine ya risiti, EFD, na mkaguzi hataki kusikia habari za punda. Fomu ya malipo yenye saini na muhuri wa mtendaji wa kijiji huwa inapita, lakini iandikwe kwenye mkataba na mfadhili tangu mwanzo.

Kwenye andiko, mwangalie na mfano mnaotumia. Wengi mnakimbilia Goma, mji wa Kongo ulio chini ya volkano ya Nyiragongo. Benki ya Dunia haikuendeleza ufadhili wake kwa kituo cha uangalizi wa volkano 2020, kwa miezi kikakosa hata intaneti ya kupokea data za mlimani, na 22 Mei 2021 Nyiragongo ukapasuka bila onyo. Inaumiza, na inaandikika vizuri. Lakini uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa dalili zenyewe zilikuwa za muda mfupi mno, chini ya saa moja. Mtathmini anayeijua kazi atakuuliza hela zingebadilisha nini, nawe utakwama. Pinatubo wa Ufilipino, 1991, ni hoja imara zaidi: mitetemo ilifuatiliwa kwa wiki kadhaa, watu wakahamishwa, na Wamarekani wa USGS, shirika lao la jiolojia, wanakadiria kuwa watu wasiopungua 5,000 waliokolewa.

Kuna jambo ambalo nalisema kila nikipata nafasi, na maprofesa hawalifurahii. Lengai unavuta wageni kwa sababu ya lava yake ya ajabu, ya kaboneti, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa. Sawa. Lakini chini ya Lengai kuna maboma, na chini ya Meru kuna jiji lililohesabiwa watu zaidi ya 600,000 katika sensa ya 2022. Ukiniuliza mimi, kituo kimoja cha kudumu Momella, chini ya Meru, kina thamani kwetu kuliko safari nyingine ya kuchota lava. Hakitatoa makala ya kushangaza, na ndiyo maana hakiandikiwi maandiko. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Kazi ya namna hii ndiyo inayopaswa kulipwa kutoka humo, maana mfadhili wa nje hana sababu ya kulipia utulivu wa Meru kwa miaka 30.

Mwisho ni data. Kabla vifaa havijapanda ndege kurudi, nakala kamili ya rekodi ibaki hapa nchini, ikiwa na maelezo ya kila kituo: mahali, tarehe, aina ya kifaa, lini betri ilikata. Nakala moja chuoni kwenu, nyingine GST, taasisi ya taifa ya jiolojia, Dodoma. Msikubali kuambiwa mtaipakua baadaye. Na kama wewe ndiye uliyelala Gelai ukitega vile vituo, jina lako lijadiliwe kwenye orodha ya waandishi siku ya kusaini mkataba, si siku makala inapotumwa.