Kwa mnaoanza kemia: chora molekuli kabla ya kutaja nguvu

Katika jaribio langu la kwanza la kemia chuoni niliandika kwamba maji yanapochemka, molekuli zake huvunjika na kuwa haidrojeni na oksijeni, na kwamba mvuke tunaouona ni gesi hizo mbili zikitoka. Msahihishaji hakunipa hata alama moja. Aliandika pembeni akiuliza iwapo jiko la nyumbani kwetu hulipuka kila asubuhi. Ilinichukua muda kumwelewa. Mchanganyiko wa haidrojeni na oksijeni ukipata moto hulipuka, kwa hiyo lau nilichoandika kingekuwa kweli, kila birika la chai juu ya jiko la mkaa lingekuwa bomu.

Tangu nianze kuwasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza nimekutana na kosa hilo hilo kwa sura nyingi, na chanzo chake ni kimoja: kuchanganya kinachozishika atomu ndani ya molekuli na kinachozivuta molekuli zikae karibu karibu. Tarakimu zinasaidia hapa. Kugeuza moli moja ya maji, yaani gramu 18, kuwa mvuke katika nyuzi 100 za Selsiasi kunahitaji kilojuli 41 hivi, ilhali kuvunja bondi zote za kovalenti, yaani zile zinazozishika atomu ndani ya molekuli, katika kiasi hicho hicho cha maji kunahitaji zaidi ya kilojuli 900. Jiko linapochemsha maji linazitenganisha molekuli tu, na kila molekuli inaondoka ikiwa nzima. Kwa hiyo swali lolote la kuchemka au kuyeyuka lianze kwa kujiuliza ni kitu gani hasa kinachoachana na kingine.

Jina la bondi ya haidrojeni lenyewe ni mtego, kwa kuwa linaitwa bondi na bado, katika maswali mengi mtakayoyapata, ni mvuto ulio baina ya molekuli moja na nyingine. Mtego wa pili ni kudhani kwamba kila molekuli yenye haidrojeni na oksijeni inao mvuto huo, ilhali haidrojeni ya kutolewa lazima iwe imeshikamana na oksijeni, naitrojeni au florini. Asetoni, ile inayoondoa rangi ya kucha, ina atomu za aina zote mbili, lakini haidrojeni zake zote zimeshikamana na kaboni, wala hakuna hata moja iliyo juu ya oksijeni, naitrojeni au florini. Ndiyo maana asetoni huchemka katika nyuzi 56, wakati propanoli, ambayo molekuli yake ina uzito unaokaribiana nayo na ina haidrojeni moja juu ya oksijeni, husubiri hadi nyuzi 97. Hata hivyo asetoni huchanganyika na maji bila shida, kwa sababu oksijeni yake inaweza kupokea haidrojeni ya maji hata kama yenyewe haina ya kutoa. Mwanafunzi aliyechora molekuli huliona jambo hili mara moja; aliyekariri fomula peke yake hubahatisha.

Umbo nalo lichorwe, si orodha ya atomu tu. Kaboni dayoksaidi imenyooka, hivyo mivuto ya oksijeni zake mbili inafutana. Salfa dayoksaidi imepinda, na kwa hiyo ina upande hasi na upande chanya. Sitakaa sana hapo, kwa sababu vitabu vinalieleza vizuri.

Ninachotaka mkae nacho ni kile ambacho vitabu hukipitia haraka, yaani nguvu za London, mivuto baina ya molekuli iliyoelezwa na mwanafizikia Fritz London mwaka 1930, ambayo hutokana na elektroni kuyumba kwa kitambo kifupi sana na ambayo imo katika kila molekuli. Wengi huziandika kuwa ndizo dhaifu kuliko zote kisha wakazisahau. Lakini klorofomu, ambayo ina ncha mbili, yaani upande hasi na upande chanya, huchemka katika nyuzi 61, ilhali kaboni tetrakloraidi, isiyo na ncha kabisa kwa kuwa klorini zake nne zimepangika kwa ulinganifu, huchemka katika nyuzi 77. Klorini ya ziada imeleta elektroni nyingi, na wingi huo umeshinda tofauti ya ncha. Iodini nayo ni yabisi mezani kwenu kwa nguvu hizo hizo peke yake. Nguvu hizi hutegemea pia jinsi molekuli zinavyogusana: pentani iliyonyooka huchemka katika nyuzi 36, na ndugu yake mwenye fomula ile ile, aliyejikunja kama mpira, katika nyuzi 10 hivi.

Kwa mfano wa nyumbani, wekeni chupa ya mafuta ya nazi na ya alizeti pamoja mahali penye baridi, tuseme Njombe mwezi wa Julai. Mafuta ya nazi, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 24, yataganda, kwa kuwa minyororo yake mingi ya kaboni imenyooka na hupangika kama kuni zilizofungwa mzigo. Ya alizeti yataendelea kumiminika, ingawa minyororo yake kwa kawaida ni mirefu zaidi, kwa sababu bondi zake maradufu, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa bondi mbili, zimeipinda, na kuni zilizopinda hazikubali kubanana.