Kasa, kamba na sheria za biashara

Ndugu, umeuliza kama serikali inaweza kuzuia bidhaa inayoharibu mazingira bila kugombana na WTO, Shirika la Biashara Duniani. Inaweza, ila namna ya kuzuia ndiyo huleta kesi.

Mlango upo kwenye Kifungu cha XX cha GATT, mkataba mkuu wa biashara ya bidhaa unaosimamiwa na WTO: kinaruhusu hatua za kulinda uhai na afya ya watu, wanyama na mimea, na za kuhifadhi maliasili zinazoweza kwisha. Tazama kesi ya kamba wa baharini. Marekani ilikataa kamba waliovuliwa kwa nyavu zinazonasa kasa. Ilitaka wavu uwe na kichujio cha nondo chenye tundu la kumtolea kasa, huku kamba wakipita hadi mwisho wa wavu. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikaishtaki Marekani kwenye WTO. Mwaka 1998 rufaa ikaamua kwamba lengo ni halali ila utekelezaji una ubaguzi: nchi za eneo la Karibi zilipewa miaka 3 ya kujiandaa, hizi nne miezi 4 tu. Marekani ikarekebisha utaratibu, na 2001 ikaruhusiwa kuendelea. Wengi hukumbuka nusu ya kwanza tu, wakadhani kasa walishindwa!

Njia nyepesi zaidi ni kupunguza ushuru wa paneli za sola, au kutumia vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Kwangu mimi ugumu uko forodhani. Wizara zinaandika sera nzuri, kisha ofisa anafungua kontena la mbao na hajafundishwa kutofautisha mti mmoja na mwingine.