Mega yako inasoma tofauti na ya mkaguzi? Anza hapa kabla hujalipia kalibresheni

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini mega yako (kifaa cha kupima ubora wa insulesheni, yaani kihami cha waya) inasoma megaomu 3 kwenye saketi ambayo mega ya mkaguzi imesoma zaidi ya 200, na kama umpe kazi yule fundi aliyekuahidi kuikalibreti kwa siku moja na kukubandikia stika. Mimi natengeneza vifaa vya kupimia umeme hapa Dar, nakujibu kwa ninayoyaona mezani kwangu.

La stika kwanza. Kalibresheni na matengenezo ni kazi mbili. Kukalibreti ni kulinganisha: kifaa kinaunganishwa kwenye resista (vipande vya kuzuia umeme) ambazo thamani yake inajulikana kwa uhakika, tuseme megaomu 1, 10, 100 hadi gigaomu 1, na kosa la kila hatua linaandikwa. Kosa likizidi kiwango cha mtengenezaji, ndipo kinarekebishwa na kupimwa upya. Kwa hiyo dai namba za aina mbili: kilivyosoma kilipofika, na kinavyosoma sasa. Zile za kwanza usikubali zikosekane, kwa sababu ndizo zinazokuambia kama majengo uliyoyapima mwaka mzima yana vipimo vya kuaminika. Fundi asiye na resista hizo anaweza kuwa hodari sana wa bodi za elektroniki, lakini kukalibreti hawezi.

Jambo ninalolikosa kwenye vyeti vingi ninavyoletewa ni voteji ya mega ikiwa na mzigo. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61557-2 kinataka mega iweze kutoa miliampia 1 huku ikishikilia voteji uliyoichagua. Kwa volti 500, mzigo huo ni megaomu 0.5. Zipo mega zinazoonyesha 500 safi waya zikiwa hewani, ukiweka mzigo zinaporomoka hadi 300. Hapo insulesheni dhaifu, ambayo ingejitokeza kwa volti 500, inapita.

Hili unaweza kulichunguza mwenyewe. Unga resista tano za kiloomu 100 kwa mfululizo, ili kila moja ibebe volti 100 tu. Usitumie resista moja ndogo, nyingi hazivumilii zaidi ya volti 250. Ziunganishe kwenye mega, upime voteji juu yake kwa maltimita ya kuaminika, mega ikiwa kwenye 500. Kisha toa resista, acha maltimita peke yake kwenye mega, ikiwa kwenye volti za DC: maltimita nyingi za dijitali zina megaomu 10 kwa ndani, na mega inatakiwa isome karibu na hapo. Fanya hivi kwenye 250 na 500 tu. Kwenye 1000 mega inaweza kupita kiwango cha maltimita, na mega za volti 5000 usiziunganishe na maltimita kabisa.

Sasa hiyo megaomu 3 yako. Kabla ya bodi, tazama waya za kupimia. Kuna mteja aliambiwa mota ya pampu ya kisima isukwe upya, mega imesoma chini. Niliiwasha waya zikiwa wazi, hazijagusa kitu, ikasoma megaomu 4. Ilitakiwa ivuke mwisho wa skeli. Nilipochomoa waya, ikavuka. Kwenye shingo ya plagi moja mpira ulikuwa na mpasuko mwembamba, ndani kuna unyevu na chumvi ya pwani, shaba imegeuka kijani. Waya mpya, na mota ikasoma vizuri. Gharama ya kusuka ingetoka bure.

Ikiwa hata bila waya haivuki, basi huenda ni uchafu au maji ya betri iliyovuja kwenye bodi, na mara nyingi usafishaji wa makini kwa alkoholi ya isopropili na kukausha vinatosha. Fyuzi ikiungua weka ileile ya kauri yenye voteji iliyoandikwa na mtengenezaji. Ya kioo ya redio inaweza kulipuka mkononi siku utakayogusa laini yenye umeme. Na baada ya tengenezo lolote la bodi, kalibresheni inarudiwa.

Pa kupeleka: TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vifaa vya kupimia, pale Ubungo. Wakala wa Vipimo wao hasa ni mizani na pampu za mafuta, usipoteze nauli. Walioko Kenya waende KEBS, shirika lao la viwango. Maabara binafsi zipo pia, ila omba uone cheti chao cha ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha umahiri wa maabara), kutoka kwa chombo cha ithibati: SADCAS kwa huku kwetu au KENAS kwa Kenya, na usome orodha iliyoambatanishwa: ithibati ya kupima joto au uzito haihusu mega. Peleka kifaa pamoja na waya zake, betri mpya.

Fanya kwanza kipimo cha waya wazi na cha maltimita, utuwekee namba hapa pamoja na modeli.