Vibanda vya wageni Amani: mianzi sawa, udongo sawa, makuti hapana

Mkuu, umeuliza kama mianzi, udongo na makuti vinatosha kujenga vibanda sita vya wageni kwenye shamba linalopakana na msitu wa Amani, Muheza. Mianzi na udongo vinatosha. Makuti achana nayo.

Makuti hudumu pwani kwa sababu jua na upepo huyakausha kila baada ya mvua. Amani, mita 900 hivi juu ya bahari, hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, tena chini ya kivuli cha miti mikubwa. Yatakaa mabichi, yataota kuvu na kuoza. Kuyatandaza juu ya bati ni kosa kubwa zaidi: unyevu unanaswa katikati na bati linashika kutu usilione. Ezeka bati la rangi, geji 28 (kipimo cha unene), mwinuko nyuzi 30, na dari ya mbao kupunguza kelele za mvua. Paa litokeze nje ya ukuta sentimita 100 hadi 120; hilo hulinda udongo kuliko plasta yoyote.

Mianzi ndiyo yenye kazi. Ile ya manjano na kijani iliyozagaa huko ina wanga mwingi, na dumuzi, mdudu anayetoboa na kula mianzi, anaupenda. Kata Januari au Februari, mashina ya miaka mitatu kwenda juu (yana mabaka meupe, hayana maganda), juu kidogo ya kifundo ili kisiki kisituamishe maji. Toboa vizuizi vya ndani kwa nondo ya milimita 12 kutoka mwisho hadi mwisho. Usipotoboa, dawa haiingii. Dawa yenyewe: kwa lita 100 za maji weka boraksi kilo 3 na asidi ya boriki kilo 2, uyeyushe kwanza kwenye maji moto. Loweka siku saba kwenye shimo lililotandikwa turubai, kisha simamisha kivulini wiki tatu au nne. Dawa hii huoshwa na mvua ikatoka, kwa hiyo mianzi ibaki chini ya paa. Mabaki usimwage karibu na kijito.

Nguzo tumia msaji wa Longuza, shamba la miti lililo jirani, na udai hati za mzigo. Ndani ya hifadhi usiguse hata fito. Nguzo isizikwe: ikae kwenye kiatu cha chuma juu ya zege, sentimita 15 kutoka ardhini, na tabaka jeupe la nje lichongwe lote, mchwa huanzia hapo.

Ukuta uanzie kwenye msingi wa mawe wa sentimita 45. Udongo ukipasuka sana kwenye kipande cha majaribio, ongeza mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Plasta iwe chokaa moja kwa mchanga tatu, baada ya udongo kukauka kabisa. Saruji hapana: hupasuka, maji hupenya nyuma yake, fito za ndani ya ukuta zinaoza kimyakimya.

Ezeka kwanza, kandika baadaye chini ya paa. Na vifaa vizito vipandishwe kabla ya Machi, masika barabara ile inateleza vibaya.