Kabla ya Fomula ya Mchapuko, Chukua Muda wa Mkimbiaji

Karibu wanafunzi wote ninaowafundisha fizikia twisheni wanaijua fomula ya mwendokasi kwa kichwa: umbali gawanya kwa muda. Waulize mchapuko ni nini, watakwambia ni kwenda kasi sana, wakati ni kiasi ambacho kasi au mwelekeo unabadilika kila sekunde. Kwa uzoefu wangu, ukiwaongezea fomula nyingine hapo unawachanganya zaidi. Wape muda wa mkimbiaji wauchambue wenyewe.

Mimi hutumia mita 100 za Usain Bolt, Berlin, 2009, alipoweka rekodi ya dunia ya sekunde 9.58. Kila mita 20 zilipimwa muda wake: 2.89, 1.75, 1.67, 1.61 na 1.66. (Ile ya kwanza imebeba pia muda wa kuusikia mlio wa bastola, tuuache.) Gawanya 20 kwa kila namba, utapata mwendokasi wa wastani wa kila kipande: 6.92, 11.43, 11.98, 12.42 na 12.05, zote mita kwa sekunde.

Kasi kubwa iko wapi? Kipande cha nne, hakuna anayebisha. Na mchapuko mkubwa? Wengi wanaonyesha palepale. Sasa watoe tofauti za kipande na kipande. Kutoka cha kwanza hadi cha pili kasi imepanda kwa 4.51, kisha 0.55 tu, kisha 0.44, na mwisho imeshuka kwa 0.37. Kumbe mchapuko mkubwa ulikuwa mwanzoni, Bolt alipokuwa na kasi ndogo kuliko kwingine kote. Na kwenye kipande cha mwisho, akiwa bado anakwenda mita 12 kwa sekunde, mchapuko wake ni hasi! Hapo darasa huanza kubishana, nami huwaacha wabishane.

Halafu nawaletea Eliud Kipchoge, Vienna, Oktoba 2019: kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini kwa somo hili sijaona mfano mzuri zaidi. Kila kilomita aliimaliza kwa takriban dakika 2 na sekunde 50, sawa na karibu mita 5.9 kwa sekunde. Kasi ya kutisha, mchapuko karibu na sifuri. Nasema karibu kwa sababu kwenye kona alibadili mwelekeo, na kubadili mwelekeo nako ni mchapuko hata kama kasi haijaguswa.

Kipimo chake, m/s², kisome "mita kwa sekunde, kila sekunde". Jiwe likiangushwa kutoka juu, ukipuuza upinzani wa hewa, baada ya sekunde moja lina kasi ya 9.8, baada ya mbili 19.6, baada ya tatu 29.4. Ukishalishika hilo, hata lile swali la mpira uliorushwa juu wima halikusumbui: kileleni kasi ni sifuri, mchapuko ni 9.8 kuelekea chini. Mchapuko nao ungekuwa sifuri, mpira ungebaki hewani.

Mkiwa na uwanja, pimeni mita 100 na muweke alama kila mita 20. Mmoja akimbie, mwingine amrekodi video kwa simu kutoka mbali kidogo, upande wa katikati ya njia. Muda wa kila alama utausoma kwenye video. Kubonyeza saa kwa kidole huchelewa, na kwenye vipande vifupi hivi kuchelewa kidogo tu kunaharibu tofauti zote.