Kijana Uliyepata Kazi ya Uokoaji Bwawani, Usikubali Kugawa Taulo

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mtwapa aliniandikia: "Kaka, nimepata kazi ya uokoaji kwenye bwawa la hoteli, nianzie wapi?" Nimechelewa kumjibu kwa sababu swali lake lilinirudisha kwenye siku ambayo bado inaniuma, na siwezi kumshauri kabla sijaisimulia.

Ilikuwa Jumapili ya likizo ya Agosti, katika hoteli moja ya pwani kaskazini mwa Mombasa. Waogeleaji walipita 40, mwokoaji nilikuwa peke yangu, na msimamizi alikuwa ameniongezea kazi ya kugawa taulo kwa hoja kwamba nimekaa tu. Nilikuwa na miezi mitatu kazini, nikaogopa kufukuzwa, nikakubali. Nilipogeuka kumpa mama mmoja taulo mbili na kuandika nambari ya chumba chake daftarini, mtoto wa miaka kama sita aliachia ngazi za upande wa kina kifupi, akafika pale sakafu inapoteremka, akakosa pa kukanyaga. Baba yake alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, akizungumza na rafiki yake, na hakusikia chochote, maana hapakuwa na cha kusikia.

Watu wengi hudhani kwamba anayezama atapiga kelele na kupunga mikono. Anayezama hana pumzi ya kuitia. Kichwa huinamia nyuma, mdomo huzama na kuibuka usawa wa maji, mikono hukandamiza maji kwa pembeni, na baada ya sekunde 20 hadi 60 anaweza kuwa ameshakwenda chini. Ukimwona mtu yuko wima majini, hasogei na hajibu unapomwita, ingia.

Niligeuka kalamu ikiwa bado mkononi, nikamwona amelala kifudifudi kwenye vigae vya chini. Nilipomtoa, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mzee mmoja alinihimiza nimbinye tumbo ili maji yatoke, nikakataa, kwa kuwa kufanya hivyo huchelewesha pumzi na kunaweza kumtapisha, matapishi yakaingia mapafuni. Niliinua kidevu chake, nikampulizia pumzi 5, kisha nikakandamiza kifua na kupuliza kwa kupokezana, hadi alipokohoa, akatapika na kulia. Alipona. Jioni hiyo nilipewa barua ya onyo kwa uzembe, na ndani yake taulo hazikutajwa hata kwa neno moja. Barua hiyo ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kazi yako ni macho. Kila sekunde 10 yawe yamepita eneo lako lote, juu ya maji na sakafuni pia, na ukae mahali ambapo unaweza kumfikia yeyote ndani ya sekunde 20. Lipime hilo kwa saa kabla wageni hawajaingia. Maji yakichafuka kiasi kwamba huoni mfuniko wa bomba la chini, funga bwawa, hata kama meneja atanuna. Simu ibaki kabatini. Omba kupokewa kila baada ya nusu saa, kwa sababu jua na mng'ao wa maji huchosha macho kabla mwenyewe hujajua. Vijana wanaoshindana kubana pumzi chini ya maji wazuie mara moja, kwani hata muogeleaji hodari huzimia humo bila dalili. Nanyi wazazi, uwepo wa mwokoaji haukuondoleeni wajibu: mtoto asiyejua kuogelea asiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako. Macho, macho, macho.

Msimamizi akikuletea rundo la taulo, mjibu kwa adabu: "Nitazigawa mwenzangu akishakaa kwenye kiti." Mwambie hivyo siku ya kwanza, kabla hujaivaa fulana ya uokoaji.