Umio: mwanga kwanza, kinyama mwisho

Wewe uliyepangiwa chumba cha endoskopi (kuchungulia ndani ya mwili kwa kamera), ukipewa mgonjwa wa kuchunguzwa saratani ya umio shika mpangilio huu: mwanga mweupe, mwanga wa bendi nyembamba, iodini ya Lugol, halafu ndiyo ukate kinyama, yaani kipande kidogo cha kupelekwa maabara. Ukiuvuruga, umejiziba macho mwenyewe.

Mwanga wa bendi nyembamba ni buluu ya nanomita 415 na kijani ya 540. Hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, hunyonya zote mbili, ndiyo maana vishipa vidogo vya juu huonekana kahawia. Pale utando wa ndani ya umio unapoanza kuharibika, vishipa hutanuka na kujipinda, ukaona doa. Sasa kata kinyama mapema uone: damu inatiririka, nayo inanyonya mwanga uleule, na doa lako limefunikwa. Anayetumia kipimo cha spektra, kinachosoma rangi za mwanga unaorudi kutoka kwenye utando kwa ule uzi wa nyuzinyuzi za kioo unaopitishwa kwenye tundu la kamera, ndiye anayeumia zaidi. Huyo pia asiukandamize uzi kwenye utando, maana damu husukumwa pembeni na namba hubadilika. Na kabla ya mgonjwa kuingia, uzi huo upimwe kwenye kibao cheupe cha rejea.

Usafi ndio hula muda. Osha ute na povu kwa maji yenye simethikoni, dawa ya kuvunja povu, ufyonze taratibu. Ukifyonza kwa pupa unaacha alama nyekundu, kisha unaanza kuishangaa kana kwamba ni ugonjwa.

Hospitali nyingi za kwetu mwanga huo maalumu hazina, Lugol wanayo. Isidharauliwe: hospitali ya Tenwek, kule Bomet, Kenya, waliwanyunyizia watu wasio na dalili yoyote, na takriban mmoja kati ya 7 akakutwa na seli zilizoanza kubadilika. Utando wenye afya una glaikojeni, sukari iliyohifadhiwa kwenye seli, hugeuka kahawia; wenye shida hubaki mweupe. Usikimbilie kutoa kamera. Subiri dakika 2 au 3, maana doa linalogeuka waridi ndilo la kushughulikiwa kwanza. Mzio wa iodini na ugonjwa wa tezi la shingo, uliza kabla mgonjwa hajalala kitandani.

Uvimbe wa kawaida nao huacha madoa, kwa hiyo jibu ni la patholojia, maabara inayochunguza kinyama kwa hadubini. Kwenye fomu andika kila kinyama kimetoka sentimita ngapi kutoka meno ya mbele, na kila kimoja kiwe na kichupa chake. Ukiandika "umio" tu, atakayerudi kutibu hajui pa kuanzia.